Katikati ya Mji wa Mwanza: Maoni ya Mkazi wa Pasiansi



Kamati ya gazeti letu imeniomba niandike juu ya historia ya mji tulioupita sote tukienda shuleni na kurudi makwetu. Mji huo umebadilika kiasi kwamba wenzetu wanaokuja kwenye mkutano wetu kutoka mbali hulazimika kuuliza njia. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba historia nitakayoandika isiwe tupu. Mimi ni mkazi wa Pasiansi, na katikati ya mji ndiko ninakokwenda kununua, kulipa, kutibiwa na kupanda gari la safari nyingine. Kwa hiyo nina maoni. Nitaeleza kwanza jinsi mji ulivyokuja kuwa, kisha nitasema ninavyoona. Mwenye kupinga na apinge katika toleo lijalo.

Boma, bandari na reli

Wajerumani walifungua kituo chao hapa mwaka 1892. Hawakuja kwa kupendezwa na mawe yetu. Walikuta ghuba iliyokingwa na upepo, na nyuma yake nchi ya Wasukuma, yenye watu wengi na ng'ombe wengi. Mwaka 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na tangu hapo bidhaa za upande wetu zikawa zinavuka ziwa kwa meli kwenda Kisumu, na kutoka huko kwenda pwani. Basi kwa zaidi ya miaka ishirini mji wetu, ingawa ulikuwa chini ya Wajerumani mpaka ulipotekwa na Waingereza Julai 1916, ulitazama Kisumu kuliko Dar es Salaam.

Mambo yaligeuka mwaka 1928, reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza. Bandari na stesheni zikawa jirani. Kila mtu aliyeshuka melini au kwenye gari moshi ilimbidi apite kati ya maji na vilima, na palepale alipopita pakajaa maduka. Wahindi walijenga nyumba ambazo sote tunazikumbuka: duka chini, familia juu, na kibaraza mbele cha kumkinga mpita njia na jua na mvua. Wazungu walikaa vilimani penye hewa, kama Capri Point, na Mwafrika aliwekwa pembeni. Mgawanyo huo haukuja kwa bahati. Ulikuwa mpango wa ukoloni, nao ulichorwa kwenye ramani.

Nawaomba mshike jambo moja katika habari hizi, maana ndilo msingi wa maoni yangu yote. Katikati ya mji wa Mwanza pameumbwa na njia. Majengo yalifuata baadaye. Palipokutana meli, reli na miguu ya watu ndipo palipokuwa mjini.

Pamba na majina ya mitaa

Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilikuwa ndiyo mali ya nchi hii. Wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wake wakubwa. Ushirika huo ulikua ukawa mmojawapo wa mikubwa kabisa barani Afrika, na makao yake yalikuwa hapa Mwanza. Mkulima wa Kwimba au Magu alikuwa na sababu ya kujiona kuwa na sehemu yake katika mji, kwa sababu fedha iliyouendesha ilitoka shambani kwake. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini kote. Sheria ya mwaka 1982 iliviruhusu tena, lakini nguvu ile ya kwanza haikurudi. Jina limebaki katika kata ya Pamba, na katika timu ya Pamba iliyochukua ubingwa wa nchi mwaka 1990 na kurejea Ligi Kuu mwaka 2024.

Uhuru nao uliacha alama yake mitaani. Soma vibao vya katikati ya mji: Lumumba, Rwagasore, Balewa, Kenyatta. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, Mwana Mfalme Louis Rwagasore wa Burundi akauawa Oktoba mwaka huohuo, na Abubakar Tafawa Balewa wa Nigeria mwaka 1966. Nataja jambo hili kwa sababu vijana wetu wengi hupita hapo kila siku bila kujua kwamba wanatembea juu ya historia ya Afrika.

Majumba ya mwaka 1971

Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wakiyapangisha. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sisi vijana wa wakati ule tuliifurahia hatua hiyo, na sababu ilikuwepo, maana kodi ya nyumba mjini ilikuwa mzigo kwa mfanyakazi. Hata hivyo yafaa tuitazame kwa utulivu sasa. Wenye majumba wengi waliondoka nchini. Nyumba zilipata wapangaji wapya kwa kodi nafuu, lakini mtu wa kuziba paa lilipovuja hakupatikana kwa urahisi. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliingizwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Baadhi ya majengo yalikuwa yamechakaa kiasi kwamba mtu aliyependekeza yavunjwe hakupata wa kumbishia. Ndivyo vibaraza vilivyoanza kutoweka, kimojakimoja.

Wakati huohuo watu waliongezeka. Hesabu ya mwaka 1967 ilikuta mjini watu wapatao 35,000. Mwaka 1978 walikuwa wamepita 110,000. Mwaka 2012 wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya 706,000, na mwaka 2022 zaidi ya milioni 1.1. Wengi wao wamejenga juu ya mawe, huko Igogo, Mabatini na Kitangiri, kwa sababu viwanja vilivyopimwa havikuwatosha. Lakini mjini kati ni palepale, kati ya maji na vilima, wala hapawezi kutanuka.

Habari ya machinga

Sasa nafika penye mabishano. Vita ya kuondoa watu katikati ya mji si ya jana. Mwaka 1983 ilikuja Sheria ya Nguvukazi, na mtu asiye na kazi inayotambuliwa aliweza kukamatwa na kupelekwa shamba. Wengi walirudi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini, wauzaji wadogo walijaa barabarani. Makoroboi, mahali palipopewa jina na vile vibatari vya mabati chakavu, pakawa soko kamili la nguo na viatu.

Mwaka 2016 wauzaji hao waliondolewa, lakini Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli aliamuru zoezi lisitishwe na watu warudi. Mwaka 2018 vikatolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliagiza wapangwe upya nchi nzima, na hapa Mwanza wakahamishwa tena kutoka barabarani. Hesabu wenyewe: katika miaka mitano wameondolewa, wakarudishwa, wakatozwa, wakaondolewa. Hakuna mtu anayeweza kuendesha biashara hivyo, hata awe na elimu yetu sote kwa jumla.

Sitaki kumwonea mwenye duka. Yeye hulipa pango, leseni na kodi, na si haki mlango wake uzibwe na meza ya mwenzake asiyelipa hata nusu ya hayo. Tena gari la zimamoto haliwezi kupita katika mtaa uliofunikwa na maturubai. Hoja hizi ni za kweli. Lakini anayedhani dawa ni kumpeleka muuzaji mahali pasipopita watu hajajifunza kutoka Dar es Salaam. Kule Ilala lilijengwa jumba kubwa kwa ajili ya machinga, likafunguliwa mwaka 2010, na kwa miaka mingi sehemu zake kubwa zilibaki bila watu. Muuzaji wa soksi hutegemea mtu ambaye hakutoka nyumbani kwenda kununua soksi. Mtu huyo ameshuka kwenye kipanya, ameziona, akakumbuka kwamba zake zimetoboka. Usipokuwepo pale anaposhuka, hakununui. Biashara ya namna hii hufuata miguu, kama vile maduka ya mwaka 1928 yalivyofuata stesheni.

Maoni yangu

La kwanza, kabla ya kujenga au kuhamisha, wapangaji wa mji wahesabu watu wanaopita kwa miguu. Magari huhesabiwa, viwanja hupimwa, lakini mtembea kwa miguu ndiye mwenye mji na hahesabiwi. Patengwe mitaa michache ya wauzaji wadogo karibu na vituo vya magari, yenye meza za kupangika, vyoo na maji, na ada inayolipika. Mitaa mingine ibaki wazi. Amri ikishatolewa ikae angalau miaka kumi, mtu ajue anachokitegemea.

La pili, vibaraza. Soko Kuu la zamani limevunjwa na mahali pake pamesimama jengo la ghorofa. Sipingi ghorofa, maana ardhi ni haba. Lakini kila jengo jipya la katikati ya mji lilazimishwe kuwa na maduka yanayotazama barabara, kibaraza kipana, na makazi juu. Wahindi wa zamani walijua kwamba nyumba yenye watu usiku hulinda mtaa. Jengo la ofisi peke yake likifungwa jioni huacha giza, na giza lina wenyewe. Majengo machache yaliyobaki ya enzi ile yaorodheshwe na kukarabatiwa kabla hatujaanza kuyaonyesha kwa picha tu.

La tatu, maji. Huu ni mji wa ziwa, lakini mwananchi aliyeko katikati yake hapati pengi pa kufika ufukweni. Mto Mirongo unaopita mjini hubeba taka zetu na kuzimwaga katika ziwa hilohilo tunalokunywa. Usafishwe, na kando yake ipite njia ya miguu mpaka ziwani. Hilo lingefanya kazi kubwa kuliko mnara wowote.

La nne ndilo linalonigusa mimi mkazi wa Pasiansi. Mwanza ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2000, lakini mwaka 2012 Ilemela ilitengwa ikawa manispaa yake, na Pasiansi iko Ilemela. Makao ya halmashauri yetu yako Buswelu. Mjini kati ni kwa Jiji la Mwanza, upande wa Nyamagana. Maana yake ni kwamba maelfu yetu tunaoshuka mjini kila asubuhi, tunaonunua na kuuza huko, hatumchagui diwani hata mmoja wa mitaa ile. Wanaoamua juu ya Makoroboi hawana haja ya kura yangu. Sisemi mipaka ifutwe. Nasema halmashauri mbili ziketi pamoja juu ya mpango wa katikati ya mji, na mkazi wa pembeni apewe nafasi ya kusikilizwa. Jambo hili linawezekana: kwa jengo la Rock City Mall, halmashauri hizohizo mbili ziliungana na mfuko wa pensheni wa LAPF na likasimama. Kilichowezekana kwa duka kubwa kishindikane kwa mji?

Pamoja na hayo, nasi wa pembeni tujengewe masoko ya maana, na benki, na zahanati zenye dawa. Nusu ya msongamano wa mjini ni watu waliokwenda kutafuta kitu ambacho kingeweza kupatikana Pasiansi au Igoma.

Wakati wa kusema ni sasa, kwa sababu njia zinabadilika tena. Mabasi ya mikoani yamekwisha kuhamia Nyegezi na Nyamhongolo. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka ulizinduliwa mwaka 2021. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025, na mtu wa Sengerema au Geita havuki tena kwa pantoni pale. Kama nilivyosema, njia ndizo zilizouumba mji huu. Njia zikihama, mji nao utahama, na anayepanga leo bila kuzitazama atajenga mahali ambapo watu wamekwisha kuondoka.

Miongoni mwetu wamo wahandisi, wanasheria, madiwani wastaafu na wafanyabiashara. Tulisomeshwa kwa kodi ya wakulima wa pamba. Tukikutana safari hii, tusiishie kula pilau na kukumbushana viboko. Napendekeza mkutano uchague kamati ya watu watano, iandike maoni ya wanafunzi wa zamani juu ya katikati ya mji, na kuyapeleka kwa halmashauri zote mbili. Mimi nipo tayari kuwa karani wa kamati hiyo.

Wasalaam, na karibuni Mwanza.