KUZITAMBUA ZANA KONGWE ZA SEREMALA: MFANO WA SHIEYWE, KAKAMEGA

Makala haya yanajadili swali moja: mwanaisimu aletewapo zana kongwe ya seremala ambayo haitumiki tena, aanze na jina au na zana yenyewe? Twashikilia kwamba aanze na zana, kwani jina peke yake laweza kumpoteza.

Shieywe, katika mji wa Kakamega, ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huo. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata, Wamarekani watatu wa Kanisa la Marafiki, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walianzisha misheni ya ufundi huko Kaimosi, kusini mwa mji huo. Zana za kigeni zikaingia katika nchi yenye wachongaji wake, na Kiswahili nacho kilikwisha kuwa na istilahi za useremala tangu pwani.

Tuchukue tezo. Mpini wake ukioza, hubaki chuma ambacho wengi watakiita shoka. Lakini makali ya shoka hufuata mwelekeo wa mpini, ilhali ya tezo huukingama. Aidha, tezo kwa kawaida hunolewa upande wa ndani tu, na shoka pande zote mbili. Basi tundu la mpini na mnoleo ndio mashahidi.

Jina "randa" nalo hubeba zana nyingi. Randa ndefu hunyosha ubao. Nyembamba yenye tako lililopinda hutia nakshi ukingoni, na umbo la tako ni kinyume cha umbo la nakshi. Randa za mti zilizotoka Uingereza mara nyingi zilipigwa chapa ya mtengenezaji upande wa mbele. Wenye mali nao waligonga majina yao papo hapo, hata mtazamaji akadhani fundi mmoja ni kiwanda.

Askofu Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja uliotolewa kwanza mwaka 1870, hakutosheka na jina moja la keekee. Alivitaja pia viungo vyake: msukano unaoshika chuma, jivu ambamo msukano huzunguka, na uta unaouzungusha. Kwa sababu hiyo, kijiti kilichobaki peke yake, chenye alama za kusuguliwa na kamba, chaweza kupewa jina lake halisi: ni msukano.

Hapana budi kuufuata mfano huo. Kuieleza keekee kuwa "kifaa cha kutobolea" hakumsaidii mtu aliyeshika kipande chake. Zana ichorwe, ipimwe, fundi mzee aulizwe inavyoshikwa, na jina la kila kiungo liandikwe kwa Kiswahili na kwa lahaja za Kiluhya za eneo hilo, kama Kiisukha na Kiidakho. Mashine za umeme zimekwisha kuzipokonya zana hizi kazi. Chuma chaweza kungoja miaka mingi katika kona ya karakana. Fundi anayekijua kwa jina hawezi.