Mwenye Kwato Ni Nani?

Masomo: Isaya 13:19-22 na Mathayo 25:31-46

 

Jumapili moja, baada ya ibada hapa Ndabibi, mama mmoja kijana alibaki nyuma kanisani mpaka watu wote wakatoka. Alikuwa amembeba mtoto wa miezi miwili hivi, na ingawa jua lilikuwa kali, miguu ya mtoto alikuwa ameizungushia kitambaa mara mbili. Alipokifungua kile kitambaa niliona nyayo mbili zilizopinda kwa ndani, zinatazamana. Akaniambia, "Pasta, wanasema mtoto wangu ana kwato. Wanasema kwa kuwa nilifanya kazi Mombasa, baba yake ni jini."

Nilimwuliza ni nani wanaosema hivyo. Akajibu kwamba walioanza ni watoto wa jirani. Wao walikuwa wameona picha ya Shetani katika darasa la shule ya Jumapili: ana pembe, ana mkia, ana kwato za mbuzi. Wapenzi, picha ile niliitundika mimi kwa mikono yangu. Niliona inafaa kuwaonya watoto. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Basi leo nataka tuulize pamoja: Ni nani aliyempa Shetani kwato?

Tuanze na Biblia. Katika Mwanzo 3 twakutana na nyoka. Petro asema juu ya simba angurumaye. Katika Ufunuo 12 yuko joka jekundu, na joka hilo lina pembe kumi, naam. Paulo, katika 2 Wakorintho 11, atuonya kwamba Shetani hujigeuza afanane na malaika wa nuru. Someni toka mwanzo hadi mwisho, hamtaona mahali Shetani alipopewa miguu ya mbuzi. Picha ile haikutoka katika Neno la Mungu.

Ilitoka kwa Wayunani wa kale. Hao walikuwa na mungu wa mvinyo aliyeitwa Dionysus, na wafuasi wake waliitwa masatiro: nusu mtu, nusu mnyama, walevi, wenye kufukuza wanawake. Mjini Florence, Italia, kimehifadhiwa chombo kikubwa cha udongo kilichochorwa karibu na mwaka 570 kabla ya Kristo, na juu yake wamo viumbe wa namna hiyo. Lakini angalieni jambo hili: miguu yao ni ya farasi, si ya mbuzi. Mwenye miguu ya mbuzi alikuwa mwingine, jina lake Pan, mungu wa wachungaji wa milimani. Baadaye wachoraji waliwachanganya wawili hawa, na Warumi wakaongeza mungu wao wa mashamba, Faunus. Ndipo watu wakaanza kusema fauni na satiro kana kwamba ni kitu kimoja. Katika mji wa Pompeii, uliofukiwa na volkano mwaka 79, ilichimbuliwa mwaka 1830 sanamu ndogo ya shaba ya fauni anayecheza ngoma. Umbo lake ni la mtu kabisa, ila ana pembe ndogo kichwani na mkia mfupi nyuma.

Sasa, kiumbe huyu wa Wayunani aliingiaje katika kurasa za Biblia? Nabii Isaya alipotabiri anguko la Babeli alisema mji ule utakuwa mahame, na wanyama wa nyikani watakaa ndani yake. Mmoja wa hao alimtaja kwa neno la Kiebrania ambalo maana yake ni mwenye manyoya, nalo ni neno lile lile linalotumika kwa beberu. Wafasiri walipolifikia neno hilo, kila mmoja alichukua kile ambacho watu wake walikiogopa. Wale waliofasiri kwa Kiyunani waliandika pepo. Jerome, aliyefasiri kwa Kilatini, aliandika wenye manyoya. Waingereza mwaka 1611 waliandika masatiro. Na wafasiri wa Biblia yetu ya Kiswahili, iliyochapishwa nzima mwaka 1952, waliandika majini. Ni neno moja la nabii, nalo limevikwa hofu za mataifa manne.

Tena wachoraji wa Kanisa hawakuanza kwa kumpa Shetani kwato. Katika mji wa Ravenna, Italia, liko kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, na ukutani mwake imo picha ya vijiwe vya rangi iliyotengenezwa katika karne ya 6. Yaonyesha habari ya Mathayo 25. Bwana Yesu ameketi katikati, upande wake wa kuume wako kondoo pamoja na malaika mwekundu, na upande wa kushoto wako mbuzi pamoja na malaika wa buluu. Wako wataalamu wasemao kwamba huyo wa buluu ndiye Shetani, na kwamba hiyo ni mojawapo ya picha zake za kwanza kabisa. Ikiwa ni hivyo, basi mchoraji yule alimfanya kijana mzuri mwenye mabawa. Alikuwa amemsikia Paulo vema.

Karne nyingi zilipita kabla kwato hazijawa kawaida. Kanisa lilipokuwa likiwafundisha watu wa Ulaya kuiacha miungu ya zamani, walifundishwa kuiona kuwa ni mashetani, na yule Pan mwenye pembe, manyoya na kwato akawa vazi lililo tayari la kumvika adui. Hivyo katika Karne za Kati kuta za makanisa zilijaa mashetani wenye pembe na mikia, na kwato zikazoeleka. Baadaye, wasanii walipoanza tena kuwapenda Wayunani, satiro alirudi katika kazi yake ya zamani. Mwaka 1497 Michelangelo alimaliza sanamu ya mungu wa mvinyo, na nyuma yake aliweka satiro mdogo anayekula zabibu kwa siri. Kadinali aliyeiagiza sanamu hiyo aliikataa.

Hata hivyo, ndugu zangu, si Wakristo wote wa kale waliomwona mwenye kwato kuwa adui. Jerome huyo huyo aliandika, katika karne ya 4, maisha ya mtawa wa Misri aitwaye Paul. Asimulia jinsi Mtakatifu Antony, akiwa mzee wa miaka tisini, alivyovuka jangwa kumtafuta Paul. Njiani alikutana na mtu mfupi mwenye pua iliyopinda, pembe katika paji la uso, na miguu ya mbuzi. Antony akasimama imara katika imani. Yule kiumbe hakumshambulia, bali alimpa tende kuwa ishara ya amani. Akasema kwamba yeye ni kiumbe wa kufa, mmoja wa wale ambao mataifa huwaabudu kwa ujinga, na kwamba wenzake wamemtuma aombe wakumbukwe katika sala mbele ya Bwana wa wote. Antony alilia machozi ya furaha. Akapiga fimbo yake chini akaulilia mji wa Alexandria, kwa maana katika mji ule watu wenye akili waliabudu wanyama, na huku nyikani mwenye umbo la mnyama alimkiri Kristo.

Siwaambii kwamba mambo hayo yalitokea. Nawaambia tu kwamba mzee yule wa imani, katika hadithi ile, alimsikiliza kwanza mwenye kwato kabla ya kumhukumu.

Na jirani zetu Waethiopia wanayo yao. Katika masimulizi ya Aksumu, yule malkia aliyemwendea Sulemani alikuwa na mguu mmoja ulioharibika ukawa kama wa punda, kwa kuwa ulidondokewa na damu ya joka. Alipokanyaga kizingiti cha nyumba ya Sulemani, mguu ule ukapona. Hadithi hiyo nayo si Maandiko. Lakini tazameni inakompeleka mwenye mguu mbovu: inampeleka mlangoni mwa mfalme, akapone.

Sasa turudi kwetu. Nani kati yenu hajaisikia ile hadithi ya Mombasa? Dereva wa teksi anampakia mwanamke mzuri usiku, amevaa buibui, ananukia manukato, na anaposhuka dereva anatazama chini na kuona kwato. Nimeisikia Mombasa, nimeisikia Nakuru, na kila anayeisimulia husema aliyeona ni rafiki wa rafiki yake. Yaelekea ilikuja na majahazi, maana Waarabu wa kale walisimulia habari za zimwi aliyeweza kugeuka umbo lolote isipokuwa miguu yake, ambayo ilibaki ya punda.

Na wasanii wetu hawakukosa. Katika miaka ya 1950, wachongaji wa Kimakonde waliokaa Dar es Salaam walianza mtindo wa mpingo ambao hadi leo huitwa shetani. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza: kiumbe mwenye jicho moja, pembe, masikio makubwa, viungo vya mtu na vya mnyama vimechanganyika. Baada yake alikuja George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Yeye alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, mahali palipoanzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kikatoliki, Sista Jean Pruitt. Mashetani wa Lilanga wanacheka, wanapika, wanapiga ngoma, wanabeba watoto. Zamani nilikuwa nikizipita picha kama hizo upesi, nikidhani ni ibada ya pepo. Siku hizi nikiziangalia naona majirani. Mchoraji yule alichora mambo ya wanadamu, akawavika masikio makubwa ili tujicheke.

Wapenzi, jini mwenye kwato hatujamwona Ndabibi. Lakini jina lake liko karibu. Ukitoka Naivasha mjini kwa barabara ya kusini mwa ziwa, kabla ya kufika Kongoni na kisha huku kwetu, waipita Oserian. Huko iko nyumba nyeupe iliyojengwa na mlowezi katika miaka ya 1920 kwa mtindo wa Kimagharibi ya Afrika ya Waarabu, nayo ikaitwa Djinn Palace, yaani jumba la majini. Kuanzia mwaka 1930 alikaa humo bwana mkubwa wa Kiingereza, Lord Erroll. Yaliyoandikwa juu ya watu wale ni ulevi, na wake za watu, na fedha zilizotapanywa. Mwaka 1941 Lord Erroll aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake karibu na Nairobi. Mume wa mwanamke aliyempenda alishtakiwa, akaachiliwa, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Katika habari yote hiyo hakuna hata mmoja mwenye kwato. Wote walivaa viatu vizuri.

Ndiyo maana nimewasomea Mathayo 25. Sisi wafugaji twajua kwamba mbuzi si mnyama mbaya. Hapa Ndabibi mbuzi hulipa karo, mbuzi huoa, mbuzi hupatanisha wazee waliogombana. Bwana Yesu naye hakusema mbuzi wanahukumiwa kwa sababu ya miguu yao. Wale wa kushoto wahukumiwa kwa kuwa walimwona mwenye njaa wasimlishe, walimwona mgonjwa wasimtazame. Mbuzi wa mfano ule ni mtu mwenye nyayo nzuri zilizonyoka, ambazo hazikumpeleka kwa jirani yake. Twatafuta uovu miguuni mwa wengine, nasi hatuchunguzi miguu yetu imetupeleka wapi.

Tena nisemeni wazi habari ya mtoto yule. Nyayo zilizopinda hivyo si laana wala si jini. Takriban mtoto mmoja katika kila elfu moja huzaliwa nazo, duniani pote, kwa maskini na kwa matajiri. Daktari Ignacio Ponseti aliyefanya kazi Marekani alionyesha njia ya kuzinyosha bila upasuaji mkubwa. Mguu hunyoshwa kidogo kidogo na kufungwa plasta, na plasta hubadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa. Mara nyingi hukatwa kano ya kisigino, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, hasa usiku, kwa miaka minne hivi. Matibabu yakianza mapema matokeo ni mema sana. Na hatuendi mbali: hospitali ya watoto walemavu iko Kijabe tangu mwaka 1998.

Mama yule alikwenda. Wanawake wa Mothers' Union walichanga nauli, wakapokezana kumsindikiza kila juma. Mimi niliishusha ile picha mbele ya watoto wote, nikawaambia kwamba mchungaji wao alikosea. Kisha nikamwomba mama radhi, na hilo lilikuwa gumu kuliko kushusha picha. Alinyamaza kitambo, akasema, "Pasta, mshikilie mtoto nifunge lesso." Nikamshika. Plasta zake zilikuwa nzito kama mawe mawili madogo.

Msikilizaji mpendwa, kama nyumbani mwako kuna mtoto aliyefichwa kwa sababu ya maneno ya watu, mtoe nje leo. Na kama ni wewe uliyeyasema maneno hayo, nenda ukabishe hodi.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetuumba kwa mfano wako, utusamehe kwa picha mbaya tulizozitundika juu ya wenzetu. Utufundishe kumtambua adui katika matendo yetu wenyewe, na kukutambua wewe katika mtoto aliye mgonjwa. Uinyoshe miguu iliyopinda, uinyoshe na mioyo yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.