Ushungi, barakoa na buibui: nani aliruhusiwa kujifunika?

Leo tuache mitindo ya mitandio, tuzungumze maneno.

Shungi ni fungu la nywele lililosimama utosini, kama kile kishungi cha jogoo. Ushungi ni nguo inayofunika utosi huo huo. Tunaambiwa “jitande ushungi, mgeni anaingia” tangu tungali wadogo, na tumezoea kudhani kila mwanamke wa visiwa hivi alikuwa akijitanda tangu zama na zama. Sivyo.

Karne ya 19, nguo ya kichwani ilieleza wewe ni nani na ni wa nani. Mabibi wa nyumba kubwa za Kiomani walivaa barakoa, neno ambalo siku za korona tulilipa kazi nyingine kabisa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa 1844, ameyaeleza mavazi hayo katika kumbukumbu zake za 1886. Mjakazi hakuwa na lake hapo. Alifungwa merikani au kaniki chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi. Laura Fair, aliyeandika historia ya mji wa Unguja, anaeleza kuwa watumwa walikatazwa kufunika vichwa. Hapa sisi tunasita kidogo. Stara, ambayo dini imemtaka nayo kila mwanamke Muislamu, mabwana waliigeuza kuwa mali ya waungwana. Mjakazi alisali, alifunga, lakini akitoka nje alitakiwa ajulikane kwa kichwa chake.

Amri ya kukomesha utumwa ilitoka 1897. Masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Basi wanawake walioachwa huru wakafanya nini? Wakanunua nguo! Kaniki ikawekwa kando, ikaja kanga, mbili mbili: moja kiunoni, moja kichwani. Wengine huiita leso, neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, maana za mwanzo zilishonwa kwa vitambaa hivyo. Baadaye likaingia buibui jeusi, na mjukuu wa mjakazi akapita Darajani amejifunika sawasawa na mjukuu wa bibi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu waliotoka utumwani, alihamia mjini 1911. Alipokuwa mwimbaji mashuhuri aliimba amejifunika buibui. Wanaosema buibui lililetwa kuwafunga wanawake wangeanza kwanza na hao waliolikimbilia.

Wanaume nao walikuwa na kilemba, na mpaka leo katika mahari za baadhi ya nyumba kuna fungu linaloitwa kilemba. Ila ukivikwa kilemba cha ukoka, ujue umesifiwa kinafiki.

Na chini ya ushungi? Nywele. Tunasuka nywele kama tunavyosuka ukili wa mkeka, kitenzi kimoja, na vidole vya msusi vinakwenda vile vile: gawa, pitisha, kaza. Kusuka ni kwa saa, kufumua ni kwa dakika chache. Katika misuko yote, jina linalotupendeza ni twende kilioni. Mistari michache inayorudi nyuma, bila madoido, kwa mtu aliyeitwa msibani na hana muda wa kukaa mkekani. Sasa hivi watoto wa skuli wanasukwa hiyo hiyo Jumapili jioni, na hakuna aliyefiwa.