Kuna Uhuru Ingine Hatukuambiwa

Ukisimama Upper Hill unaona Uhuru Park hapo chini. Hiyo kila mtu anaijua. Lakini kuna Uhuru ingine: setilaiti iliyorushwa 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi.

Msimamizi wake pale NASA alikuwa mhandisi Marjorie Townsend. Huyo mama alianza na mitambo ya kutambua sauti za nyambizi, akaingia setilaiti za hali ya hewa, halafu hii: maabara angani, hakuna mtu ndani, amri zinapanda kwa redio, vipimo vya eksirei za nyota vinarudi kwa redio.

Ikaitwa Uhuru juu tulikuwa tunafikisha miaka 7 huru. Tulitoa bahari, siku na jina. Mbona shuleni nilisikia tu kuhusu Apollo?