Makala ya Daktari Burkitt na Hesabu ya Kutajwa

Katika mwaka 1957, kwenye hospitali ya Mulago mjini Kampala, tabibu Hugh Trowell alimwita mwenzake mpasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mataya ya mtoto huyo yalikuwa yamevimba kuume na kushoto, juu na chini, hata meno yakalegea. Burkitt hakuutambua ugonjwa. Majuma machache yakapita, naye akawa Jinja kwa kazi zake. Akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile, na alipompima akamkuta na uvimbe wa pili tumboni. Ndipo alipoanza kuyafungua majalada ya wagonjwa ya Mulago, moja baada ya moja. Mwaka 1958 alitoa makala fupi katika British Journal of Surgery, jarida la wapasuaji wa Uingereza, akaeleza habari za watoto 38 wenye uvimbe wa mataya.

Makala hiyo haikumshtua mtu. Waliokuwa wakishughulika na saratani hawakuwa na desturi ya kusoma jarida la wapasuaji, na wapasuaji waliolisoma hawakuwa na wagonjwa wa aina ile. Tena jina alilolitumia Burkitt, sarkoma, halikuwa sahihi. Wapimaji wa vinyama vya wagonjwa hapo hapo Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies, ndio walioonyesha miaka miwili mitatu baadaye kwamba ule ulikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za mfumo wa limfu. Lau mkuu wa chuo angetaka kumpima Burkitt mwaka 1960 kwa kipimo kinachopendwa siku hizi, cha kuhesabu ni mara ngapi maandishi ya mtu yametajwa na wenzake, angeona mpasuaji wa miaka 49, mwenye makala isiyosomwa na kosa ndani yake.

Kipimo chenyewe wakati huo hakijatungwa. Eugene Garfield, Mmarekani aliyekuwa akitafuta njia ya kupanga maandishi ya elimu, alitoa shauri lake mwaka 1955. Aliliazima kwa mawakili wa nchi yake, ambao tangu 1873 walikuwa na vitabu vya kampuni ya Shepard vya kuonyesha kila hukumu ya zamani imetajwa katika hukumu zipi za baadaye, ili wakili asisimame mbele ya kadhi na hukumu iliyokwisha kutanguliwa. Faharasa ya kwanza ya Garfield ilitoka mwaka 1963, nayo ilikusanya marejeo ya majarida 613. Nia yake ilikuwa kumsaidia msomaji kufuata wazo kutoka makala hii hadi ile. Kwamba orodha hiyo ingekuja kuwa mizani ya kuwapimia watu wenyewe, hilo lilikuja polepole, na mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch aliipa mizani hiyo jiwe lake: mwenye alama 20 ni yule mwenye makala 20 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 20.

Wazo la kufuata njia ya maneno kutoka kinywa hadi kinywa si geni kwa wasomaji wa pwani. Wanachuoni wa Hadithi walihesabu njia za upokezi karne nyingi kabla ya Garfield. Lakini hawakuishia kwenye hesabu: walimchungua kila mpokezi, uadilifu wake na nguvu ya kumbukumbu yake, na njia kumi za wapokezi dhaifu mno hazikuwatosha. Faharasa haina chombo cha namna hiyo. Anayetaja makala kwa kuisifu, anayeitaja kwa kuikanusha, na anayeitaja kwa sababu kila mtu huitaja, wote huandikwa mmoja.

Jambo lililobadili bahati ya Burkitt halikupita katika faharasa yoyote. Tarehe 22 Machi 1961 alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliokuja kusikiliza alikuwa Anthony Epstein, aliyekuwa akichungua virusi vya saratani ya kuku kwa darubini ya elektroni. Epstein alikuja kwa kuona tangazo. Jina la Burkitt lilikuwa geni kwake. Mwaka ule ule, katika Oktoba, Burkitt na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu la Ford wakashika njia ya kusini kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, safari ya majuma kumi na maili 10,000 hivi. Walipita katika hospitali karibu sitini, nyingi zake za misheni, na katika kila moja walionyesha picha za watoto wagonjwa, wakauliza: je, mmepata kuuona uvimbe huu? Kwa majibu hayo walijua kwamba ugonjwa ulikuwa na mipaka. Ulipatikana penye joto na mvua, ukatoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mipaka hiyo ilikaribia ile ya mbu, na hatimaye ikawaelekeza wachunguzi kwenye malaria.

Inafaa kutua hapa kidogo. Elimu hiyo ya mipaka ilitoka kwa madaktari, wauguzi na wasaidizi wa hospitali za mashambani, waliotazama picha, wakafikiri, wakasema ndiyo au la. "La" ya hospitali ya mlimani ilikuwa na thamani sawa na "ndiyo" ya hospitali ya ziwani, maana bila hiyo ramani isingechorwa. Lakini jibu lililotolewa barazani halina ukurasa, na kisicho na ukurasa hakitajwi.

Epstein, kwa upande wake, alikuwa akipelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, na kwa muda mrefu hakuona kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester badala ya London. Kipande kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, na ingekuwa haki kudhani kwamba kimeoza. Kumbe yalikuwa yamejaa chembe hai za uvimbe, zikielea. Epstein alifaulu kuziotesha chembe hizo, na Machi 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza katika Lancet kwamba wameona ndani yake virusi visivyojulikana. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Tangu hapo Burkitt alitajwa sana, na papo hapo likaanza jambo la ajabu. Ugonjwa ulipewa jina lake. Mwandishi anayeandika "limfoma ya Burkitt" leo haoni haja ya kurejea makala ya 1958, kama vile asemaye "volti" asivyorejea maandishi ya Volta. Kadiri kazi ilivyozama katika elimu ya wote, ndivyo ilivyopungukiwa na sababu ya kutajwa. Kinyume chake ni makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, iliyofundisha namna ya kupima protini katika maabara. Kufikia 2014 ilikuwa imetajwa mara zaidi ya 305,000, ikizishinda zote katika hesabu ya jarida la Nature, na Lowry mwenyewe alikwisha kukiri kwamba haikuwa makala kubwa. Ilikuwa kifaa kizuri, na kila aliyekitumia aliandika jina lake.

Haya yasingekuwa na uzito kama hesabu ingebaki fahari ya wachache. Lakini cheo cha mhadhiri na fedha za utafiti sasa hutegemea alama hizo katika vyuo vingi, na tabibu kijana wa wilayani aonaye jambo jipya hujiuliza kwanza litachapishwa wapi.

Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alifariki mwaka 1951, miaka saba kabla ya makala ya Burkitt. Aliacha madaftari ya wagonjwa yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1964 watu sita waliyachambua katika British Medical Journal, saratani zote zilizoandikwa Mengo tangu 1897 hadi 1956. Miongoni mwa majina yao, pamoja na Davies, yalikuwamo mawili ya Kiafrika, Mtimavalye na Owor. Katika kurasa hizo, zilizokaa kabatini kilima kimoja mbali na Mulago, walikuwamo watoto wenye mataya yaliyovimba, wameelezwa na kuchorwa.