Supu ya Kuku na Tambi za Mkono

Tunapotaja utamaduni wa taifa, wengi wetu huikimbilia ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Wachache hukumbuka kuchungulia jikoni. Na hali jikoni ndimo historia ya watu inamoandikwa kila siku, bila wino wala karatasi. Katika makala haya nakusudia kueleza habari za chakula kimoja cha pwani yetu, nacho ni supu ya kuku iliyotiwa tambi zilizotengenezwa nyumbani. Yamkini msomaji atauliza: kuku asili yake ni Asia, ngano haistawi katika joto la pwani, na hata neno lenyewe "supu" tumelipata kwa Waingereza, basi chakula hiki kina wenyeji gani kwetu? Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Wahenga walisema kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku mwenyewe aliwahi kuwa mgeni huyo. Ndege wa asili wa nchi hizi walioliwa na mababu ni kama kanga na kwale. Kuku alifugwa kwanza kusini-mashariki ya Asia, kutokana na ndege wa mwituni, kisha akasafiri na wanadamu kwa nchi kavu na kwa bahari mpaka akatufikia. Mifupa iliyofukuliwa Unguja Ukuu inaonyesha kwamba katika karne ya 7 au ya 8 alikuwa amekwisha kufika visiwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita pwani hii mwaka 1331, alikaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndimu za kuchachuliwa, tangawizi na maembe. Ni dhahiri basi kwamba karibu miaka 700 iliyopita kuku alikuwa amekwisha kufunguliwa kamba yake, akawa mwenyeji wa sinia la heshima.

Habari za tambi ni ndefu zaidi. Iko hadithi inayosema kwamba Marco Polo ndiye aliyezipeleka Italia kutoka China. Hadithi hiyo haina ukweli. Marco Polo alirudi kwao mwaka 1295, na ilhali mwanajiografia al-Idrisi alikuwa amekwisha kuandika, mwaka 1154, kwamba katika mji wa Trabia, kisiwani Sicily, tambi zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa majahazini kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Chakula hiki kilikuwa mali ya bandari na misafara kabla ya kuwa mali ya taifa lolote moja.

Lakini mimi ni mtunzi wa mashairi, na mtunzi huvutwa kwanza na maneno. Waajemi waliziita tambi kwa neno lenye maana ya uzi. Waarabu waliziita kwa jina litokalo katika neno la nywele. Waitalia waliona vijinyoo, wakaziita hivyo. Na Mswahili je? Mswahili alikumbuka taa yake. Utambi ni ule uzi wa pamba unaonyonya mafuta ili taa iwake, na wingi wake ni tambi. Hapana shaka aliyelitoa jina hili kwanza alitazama unga uliokatwa vipande vyembamba, akaona kitu alichokizoea kila magharibi ilipoingia. Hakuazima jina. Chakula alikipokea kwa wageni, lakini jina alilitoa nyumbani kwake. Na mwenye kutoa jina ndiye mwenye mtoto.

Sasa nieleze namna tambi hizo zilivyotengenezwa nyumbani kwetu Tanga. Unga wa ngano ulichungwa, ukatiwa chumvi na mayai, ukakandwa kwa maji machache sana hata ukawa mgumu kuliko wa chapati. Ulifunikwa ukapumzika, kwani unga wa ngano una mnato ambao hauonekani mpaka ukandwe na kuachwa. Unga wa mahindi hauna mnato huo, na ndiyo sababu hautoi tambi za namna hii. Kisha ulisukumwa juu ya kibao mpaka ukawa mwembamba kama kitambaa, ukanyunyiziwa unga mkavu, ukakunjwa, ukakatwa kwa kisu kikali. Tambi zilitandazwa juu ya ungo kivulini, mahali penye upepo. Zikianikwa juani hukauka nje na kupasuka.

Wakati huo kuku wa kienyeji alikuwa jikoni tangu asubuhi, kwa moto mdogo, pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Povu lilienguliwa kwa upawa. Tambi zilitiwa mwisho, nyama ikiwa imelainika, nazo hazikukaa ila dakika chache. Ndimu ilikamuliwa bakulini.

Bakuli hilo lilikuwa la nani? Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Kwa majirani zetu Waganda, na katika sehemu kadha za Bara, zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Hata pasipokuwa na mwiko huo, firigisi ilitengwa kwa baba, mapaja yakaenda kwa wageni, na aliyepika akabakiwa na shingo. Lakini mwanamke alipojifungua, mambo yaligeuka. Siku zote 40 za uzazi, supu ya kuku yenye pilipili manga ilikuwa haki yake, na mume aliyeshindwa kuileta alisemwa mtaa mzima. Bibi yangu alitengeneza tambi kwa ajili hiyo hasa. Alisema kwamba mzazi hana nguvu ya kutafuna, na supu tupu haimkai tumboni.

Nakumbuka mwaka 1983. Nilikuwa na miaka 13, na maduka yalikuwa matupu. Dada yangu alijifungua wakati ambapo unga wa ngano ulipatikana kwa foleni ya tangu alfajiri. Nilipanga foleni siku mbili nikarudi na kilo moja. Bibi hakupika hata andazi moja. Kilo ile yote aliifanya tambi, akazihesabia siku, na sisi watoto tukanusa tu mvuke. Baada ya biashara kulegezwa mwaka 1984, bidhaa za nje zilianza kurudi madukani, na tambi za pakiti zikawa rahisi kupatikana. Kibao cha bibi kikaegemezwa ukutani, na bibi alipofariki hakuna aliyeuliza kiko wapi.

Miaka mingi baadaye binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, akaniomba supu ya tambi kama niliyozoea kumsimulia. Nilipigwa na fadhaa. Niliweza kuueleza ungo, upepo na kisu kwa maneno mazuri. Kiasi cha maji sikukijua. Nilikwenda kwa shangazi yangu. Aliniambia, "Mwanangu, utakijuaje, nanyi wavulana tulikuwa tukiwafukuza jikoni?" Kisha akanikalisha, akanipa unga vikombe vitatu na mayai mawili, na maji akaninyunyizia kwa vidole mpaka aliposema basi. Tambi zangu za kwanza zilikuwa nene kama kamba za viatu. Binti yangu alizila zote.

Sitaki kudai kwamba mambo ya kale yote yalikuwa mema. Unga wenyewe una historia yenye machungu: mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, yalichukua malisho ya Wabarabaig, nao wakadai haki yao mahakamani. Wala sitaki mwanamke arudishwe kwenye kibao kwa lazima, ilhali pakiti inampunguzia kazi. Ninalolisema ni hili: pakiti haijui kwamba leo kuna mzazi nyumbani.

Basi jibu la swali langu la mwanzo ni kwamba chakula huwa chetu kwa jina tulilokipa, kwa mkono uliojifunza kukitengeneza, na kwa mtu tuliyekubaliana kwamba ale kwanza. Ngoma zetu tumezirekodi na mashairi tumeyapiga chapa. Ni wajibu wetu kuviandika pia vipimo vya akina bibi, na kuwafundisha watoto wetu, wa kike na wa kiume, wangali hai wanaovijua. Utambi usiotiwa mafuta huzimika, na giza lake huwapata waliomo nyumbani.