Geert Hofstede: Mhandisi aliyepima tamaduni kwa hojaji

Geert Hofstede, msomi wa Uholanzi ambaye nadharia yake kuhusu tofauti za tamaduni kazini hufundishwa katika vyuo vya biashara kote ulimwenguni, alizaliwa mjini Haarlem mnamo Oktoba 2, 1928. Alianzia katika mitambo. Baada ya kuhitimu uhandisi mjini Delft mwaka wa 1953, alifanya kazi viwandani, na akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Groningen mwaka wa 1967.

Wakati huo tayari alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alikoanzisha idara ya kuchunguza maoni ya wafanyakazi. Kati ya 1967 na 1973, zaidi ya hojaji 116,000 zilijazwa. Hofstede aligundua kwamba watu wa kazi moja, chini ya mwajiri mmoja, walitofautiana kwa kufuata nchi zao. Alipokwenda kufundisha katika chuo cha IMEDE mjini Lausanne, Uswisi, mwaka wa 1971, aliwapa mameneja wa makampuni mengine maswali yayo hayo. Nchi zilipangika karibu vilevile.

Matokeo yalitolewa kitabuni mwaka wa 1980, kampuni ikifichwa kwa jina la Hermes. Vigezo vilikuwa vinne: jinsi wadogo wanavyokubali ukubwa wa wakuu wao, iwapo mtu hujitegemea au huegemea jamaa, iwapo ushindani hutukuzwa kuliko malezi, na hofu ya mambo yasiyotabirika. Cha tano kiliongezwa kutokana na utafiti wa Michael Bond, na cha sita mwaka wa 2010 kwa ushirikiano na Michael Minkov.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya kulitazama jedwali hilo kwa makini. Kenya haikupewa alama zake yenyewe. Iliunganishwa na Tanzania, Ethiopia na hata Zambia, zikaitwa Afrika Mashariki. Eneo hilo lilipata 64 katika kigezo cha mamlaka na 27 katika kujitegemea, huku Uholanzi ikipata 38 na 80. Ikumbukwe kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka uo huo wa 1967, Tanzania ikishika njia ya Ujamaa ambayo Kenya haikuifuata. Aidha, karani wa kampuni ya kigeni jijini hakuwa kielelezo cha mkulima wala mfugaji.

Lawama kama hiyo, kwamba waajiriwa wa kampuni moja hawawezi kuwakilisha taifa, ilitolewa na Brendan McSweeney mwaka wa 2002. Hofstede alijibu kwamba vigezo vyake si vitu vinavyoshikika bali ni zana za kufikiria. Jibu hilo lina uzito, ingawa wengi wanaozinukuu alama zake huzichukulia kama vipimo vya joto.

Hofstede, aliyekuwa profesa mjini Maastricht kuanzia 1985 hadi 1993, alifariki Februari 12, 2020, akiwa na umri wa miaka 91.